Chumvi ya Usiku

Mimi Zdzisława, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto.
Miaka thelathini katika kiwanda cha nguo, hapa Łódź;
mitambo ilinila sikio moja.
La pili lilibaki zima,
na hilo ndilo nililowaficha watu.

Kati yangu na jirani: tofali, lipu, karatasi ya maua.
Upande wangu saa, na picha ya harusi ya mwanangu.
Upande ule Kinga.
Ndilo jina alilobatiziwa, Kinga,
na kinga hakuwa nayo.

Jumamosi kiti kilianguka.
Kisha sahani.
Kisha kitu ambacho si sahani.
Nikapandisha sauti ya redio.
Juu yangu Bwana Ludomir akapandisha yake,
chini wakafungulia bomba la bafu,
jengo zima likapiga kelele ili lisisikie.

Asubuhi namkuta ngazini, Julai, shali hadi shavuni.
"Umeteleza?" namuuliza.
Jibu nimempa mwenyewe, limekwisha kushonwa,
kazi yake kulivaa tu.

Wagombanao ndio wapatanao, tulisema.
Kila mtu akashika jembe lake akaenda kulima
kama ilivyousiwa,
na hakuna aliyeuliza shamba lile linapandwa nini.

Novemba alirudi kutoka hospitali,
sikio la kushoto halisikii.
Sawa na langu.
Langu lililiwa kwa mshahara.

Aliyetukusanya hakuwa padri wala diwani.
Ni Bronek, mjukuu wa Ludomir, miaka tisa,
aliyeuliza mbele ya watu wanaongoja lifti mbovu:
"Mbona Jumamosi usiku
redio zetu zote huimba pamoja?"

Basi tukakaa darini, katikati ya shuka zilizoanikwa,
kila mtu akitazama viatu vya mwenzake.
Kinga naye alikuja.
Aliketi sikio lake zima likiwa upande wetu.
Halszka, dereva wa tramu, hana maneno mengi:
"Anayesikia, agonge."
Agonge aseme nini?
"Aombe chumvi."
Mlango usipofunguliwa, wa pili aombe kiberiti.
Wa tatu awaite polisi, wala asiombe ruhusa.
Ludomir akasema mikono yake inatetemeka siku hizi.
"Ikitetemeka ndiyo hugonga vizuri," akasema Kinga.
Hatukujua kama turuhusiwe kucheka.

Februari. Theluji. Saa saba usiku.
Ghorofa ya nne, kwa wale vijana wapya, kishindo.
Kidole changu kilikuwa tayari kwenye redio:
mazoea hukaa mkononi, moyo hauulizwi.
Nikaizima.
Nikapanda na kikombe, nikishika ukuta.

"Mwanangu, nimeishiwa chumvi."
Radosz mlangoni, kifua juu, kifua chini.
"Saa hizi?"
"Saa hizi."
Nyuma yangu Ludomir, pajama na kopo.
Nyuma yake Halszka na bakuli la saladi.
Bronek, aliyepaswa kuwa amelala, na kikombe cha yai.
Foleni hadi ghorofa ya kwanza, watu wazima na ndala zao,
jengo zima limeishiwa chumvi usiku mmoja.

Kinga alipita katikati yetu bila chombo.
Alinyoosha mkono ndani ya ule mlango,
chini ya kwapa la yule kijana,
ukarudi na mkono mwingine, mdogo, una pete.
Wakashuka, ngazi kwa ngazi,
nasi tukajibana ukutani kuwapisha.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo:
jikoni kwangu birika lilichemka hadi alfajiri.
Hakuna aliyemuuliza binti kama aliteleza.

Sisemi tumemaliza. Radosz alirudi mara mbili,
mara mbili alitukuta tumeketi ngazini, tunamenya viazi.
Na kuna mlango mmoja, sitautaja,
ambao kimya chake kinaninyima usingizi.

Daktari amenikataza chumvi. Presha.
Kabatini mwangu mna paketi kumi na saba.